Nyuzi Saba Zilizopungua

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia mlinzi wa getini mpaka daktari wa upasuaji, wote walimwita Bi Mvuke, na kwa miaka ishirini na sita aliitikia jina hilo hata akalizoea. Mtu akisoma lile la kwenye kitambulisho, yeye alichelewa kugeuka, kana kwamba anaitwa jirani yake.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya chumba cha upasuaji. Upande mmoja palikuwa na dirisha dogo la kupokelea vifaa vilivyotumika: mikasi, koleo, visu, mabakuli na mashuka. Upande wa pili palikuwa na dirisha la kutolea vilivyo safi. Katikati ilikaa mashine ya mvuke, pipa nene la chuma lililolazwa ubavu, lenye mlango mzito unaofungwa kwa gurudumu kama usukani wa lori. Mle ndani ndimo vifaa vilimopikwa, kama wafanyakazi walivyopenda kusema, mpaka kisibaki kijidudu hata kimoja. Kiangazi chumba kile kilikuwa tanuri, na kipupwe kilikuwa tanuri vilevile. Wauguzi wapya walipoingia mara ya kwanza walijipepea kwa mikono wakamuuliza anawezaje. Naye aliwajibu, "Nyie mnalipia kwenda kukaa kwenye mvuke ili ngozi ing'ae. Mimi nang'aa bure."

Lakini mwaka huo utani ulikuwa umeanza kumkauka mdomoni. Mumewe, fundi seremala, mtu wa mifupa mikubwa na mabega kama mlango, alikuwa amepigwa na kiharusi miezi minane nyuma, na upande wake wote wa kulia ukalala. Kila alfajiri kabla ya kazi Bi Mvuke alimwinua kitandani, akamkalisha, akamwogesha, akamvalisha, akamhamishia kwenye kiti cha karibu na mlango. Jioni alimrudisha. Mgongo wake ulianza kwa kulalamika, ukaishia kupiga kelele.

"Mwite mdogo wangu aje akusaidie," mumewe alimwambia zaidi ya mara moja, maneno yakitoka yakiburuta mguu. "Anakaa mitaa miwili tu kutoka hapa."

"Shemeji ana kazi zake."

"Na wewe huna?"

"Mzee, jishike shingoni mwangu tuondoke. Ukitaka mjadala tutaufanya ukishakaa."

Hakutaka shemeji yake amwone kaka yake akiogeshwa kama mtoto. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu, na hakuwahi kumwambia mtu.

Sasa, katika kazi zake za asubuhi palikuwa na moja ndogo isiyoonekana na yeyote. Chini kabisa ya pipa la mashine, kwa ndani, palikuwa na tundu la kutolea hewa, na juu ya tundu hilo chujio la waya la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Mashuka na shashi za kufungia vidonda hutoa nyuzi, nyuzi hukusanyika pale, na kila asubuhi mashine ikiwa bado baridi ilimbidi mtu ainame, aingize kichwa na mkono mpaka begani, afungue chujio, alioshe, alirudishe. Kazi ya dakika tano. Kwa mtu mwenye mgongo mzima, si kitu. Bi Mvuke alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na sita bila kuruka siku. Kisha asubuhi moja alijaribu kuinama, akabaki ameshika ukingo wa mlango, machozi yanamtoka bila ruhusa. Akajiambia, kesho. Kesho yake akajiambia hivyohivyo. Zikapita wiki mbili.

Alhamisi ya wiki ya pili aliona jambo. Mshale wa presha ulikuwa umefika kumi na tano, mahali pake pa siku zote. Lakini kipimajoto, ambacho kilikaa kwenye bomba la chini la kutolea hewa, kilisimama nyuzi joto mia na kumi na tisa. Kilipaswa kufika mia na ishirini na moja.

"Nawe umezeeka," alikiambia, akaanza kuhesabu dakika.

Ijumaa kilisoma mia na kumi na nane. Jumamosi, kumi na saba. Kila mara aliuangalia mshale wa presha, akauona umetulia pale pale kumi na tano, akauamini mshale. Tepu aliyobandika juu ya mabunda ya vifaa vilivyofungwa kwa mashuka, ile inayotokeza mistari myeusi ikipata joto, ilikuwa imetokeza mistari. Ni kweli mistari yenyewe ilielekea ukahawia, lakini aliyechoka akitafuta sababu ya kuendelea huipata.

Jumatatu asubuhi alifika kazini akiwa hajapata usingizi wa maana. Akapakia mabunda ya upasuaji wa siku hiyo, akafunga mlango, akafungulia mvuke kutoka kwenye boila. Wakati mashine inapanda, aliketi kwenye benchi la nje na kikombe cha chai ya rangi. Muuguzi wa wodi ya wanaume akaja kukaa karibu naye.

"Wodini kwetu mambo si mazuri," yule muuguzi alisema huku akivua kiatu apumzishe kidole. "Yule fundi mwashi aliyepasuliwa ngiri Alhamisi, kidonda kimetunga usaha. Homa usiku kucha. Na mwingine wa Ijumaa, naye kimeanza kuwa chekundu. Daktari amefoka, anasema hatufungi vidonda vizuri. Mimi nimefunga vidonda tangu yeye hajawa daktari!"

Bi Mvuke aliweka kikombe chini, akainuka, akaingia ndani akiwa ameshika kiuno.

Mshale: kumi na tano. Kipimajoto: mia na kumi na nne.

Alisimama mbele ya vile vipimo viwili akahisi ubaridi katika chumba ambacho hakikuwahi kuwa na baridi. Nyuzi saba zilikuwa zimepungua. Yale aliyofundishwa akiwa msichana yalimrudia yote kwa mpigo, kwa sauti ya mwalimu wake wa mafunzo, mwanamke mmoja mkali aliyefundisha kwa sufuria mbili juu ya jiko. Maji kwenye sufuria wazi, mwalimu alisema, yakifika nyuzi mia yanageuka mvuke, na hata uchochee moto wa namna gani, hayapandi zaidi. Moto wote unaishia kuyageuza mvuke. Yafunike, yabane, uunyime mvuke pa kutokea, presha inapanda, na ndipo maji yanakubali kupata moto zaidi kabla ya kuchemka. Kwa hiyo mvuke mtupu hauna hiari. Kwa presha hii, joto lake ni hili, na haliwi jingine. Ukiona presha imefika na joto halijafika, ndani kuna mgeni. Mgeni huyo ni hewa.

Na hewa haiui. Mvuke unaua kwa sababu ukikuta chuma baridi unageuka maji palepale, na katika kugeuka huko unautua moto wote uliobeba, kama mpagazi anayetua mzigo mlangoni. Hewa huja mikono mitupu. Inasukuma mshale wa presha sawasawa na mvuke, lakini inakaa katikati ya mabunda ikiyakinga na moto.

Alizima mvuke. Akaitoa presha taratibu mpaka mshale ukalala sifuri, kisha akafungua gurudumu.

Kichwa cha muuguzi mkuu kikatokea kwenye dirisha la vifaa safi. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, ambaye kila mtu alimwita Matroni.

"Bi Mvuke, mabunda. Mgonjwa wa kwanza ameshalazwa mezani, yule mama aliyevunjika mguu. Hajala tangu jana."

"Matroni, mabunda hayatoki."

"Hayatoki kivipi?"

"Si safi. Na yaliyoko kabatini nayo yasiguswe."

Matroni aliondoka haraka. Aliporudi alikuwa na watu wawili: daktari wa upasuaji, tayari amevaa kofia yake ya kijani, na fundi mitambo wa hospitali, mtu mwembamba aliyetembea na bisibisi mfukoni mwa shati kama wengine wanavyotembea na kalamu.

"Nini tena?" Daktari aliuliza. "Nina watu wawili leo."

"Mashine ina hewa ndani, Daktari. Joto halifiki."

Fundi alichungulia karatasi ambayo Bi Mvuke aliandikia vipimo kila siku. "Presha hii hapa, kumi na tano kila siku. Geji ya presha niliibadilisha mwenyewe mwezi uliopita. Kipimajoto ndicho kibovu. Mimi ningesema kazi iendelee."

"Presha ni nguvu ya kusukuma tu," Bi Mvuke alisema. "Hata pampu ya baiskeli ina presha. Umeona nani anachemshia chai kwa pampu ya baiskeli?"

Matroni alikohoa ili asicheke. Daktari hakucheka.

"Mama," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, "unaelewa kwamba ukifunga chumba hiki umefunga upasuaji wote? Akija mama mjamzito wa dharura sasa hivi nimwambie nini?"

"Nipe saa mbili, bunda la dharura litakuwa la kwanza kutoka. Lakini kwa haya, Daktari, mimi mkono wangu hautayapitisha dirishani. Ukitaka, ingia uyachukue mwenyewe."

Hakuwahi kumjibu daktari hivyo. Daktari aliyatazama mabunda, akamtazama yeye, akavua kofia yake.

"Saa mbili," alisema, akatoka. Matroni akamfuata kwenda kuzungumza na yule mama wa mguu.

Wakabaki wawili. Fundi akasubiri chuma kipoe, akapiga magoti, akaingiza mkono ndani ya pipa mpaka begani. Alipoutoa, kiganjani mwake palikuwa na chujio, na juu ya chujio bonge la nyuzi za pamba lililoshikana na vipande vya tepu, limekuwa zito kama kipande cha blanketi. Hewa isingepita pale, sembuse tone la maji.

Fundi alilitazama, kisha akamtazama Bi Mvuke. Alikuwa mtu mwerevu, na aliwahi kula chakula nyumbani kwake siku za nyuma, wakati mumewe akiwa bado na nguvu za kumtengenezea kabati.

"Hili si la siku moja," alisema polepole.

"Ni la wiki mbili."

"Sikiliza, dada." Alisogea karibu. "Hapo mbele kuna valvu ya zamani. Nitaandika kwamba valvu imekwama. Mashine imezeeka, kila mtu anajua. Hili tunalitupa kwenye pipa la taka, basi. Hakuna atakayeuliza."

Bi Mvuke aliliangalia lile bonge. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Alifikiria barua ya kufukuzwa, na mume kwenye kiti cha karibu na mlango, na dawa zake. Alifikiria pia kwamba amechoka sana, na kwamba kunyamaza ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Hata mgongo mbovu unaiweza. Akaketi juu ya sanduku la mabakuli.

"Ukiandika valvu," hatimaye alisema, "watajua mashine iliharibika leo. Hawatatafuta waliopasuliwa Alhamisi na Ijumaa na Jumamosi. Wala waliotangulia. Watamlaumu yule binti wa wodini kwa vidonda, na wale watu watapewa dawa kama vile wamejikuna tu."

"Wewe je?"

"La kuvunda halina ubani, kaka. Nipe hilo chujio."

Alilibeba kwenye bakuli la chuma mpaka ofisini kwa Matroni. Alisimama mbele ya meza akasema yote: mgongo, zile wiki mbili, nyuzi zilizokuwa zikishuka siku hadi siku naye akikilaumu kipimajoto. Matroni alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza swali moja.

"Mbona hukuniambia mgongo unakuuma?"

Bi Mvuke alikuwa amejiandaa kugombezwa, na kwa hilo alikuwa na ngao. Swali hili lilimkuta mikono mitupu. Akalia pale pale, amesimama, bakuli mkononi.

Siku hiyo kila kilichopikwa wiki zile mbili kilirudishwa, mabunda sitini na mawili, yakafunguliwa na kuoshwa upya. Chujio safi lilipofungwa, mshale ulipanda kumi na tano na kipimajoto kikaufuata, polepole, mia na kumi, mia na kumi na nane, kikatulia mia na ishirini na moja. Bi Mvuke alisimama mbele yake muda wote. Bunda la dharura lilitoka kabla ya saa mbili kwisha, na ilivyotokea halikuhitajika. Yule mama wa mguu alirudishwa wodini, akapewa chakula, akapasuliwa kesho yake baada ya maabara kuleta jibu kwamba mashine inaua vijidudu inavyotakiwa. Alilalamika kuwa amefungishwa saumu bila thawabu.

Wagonjwa kumi na mmoja waliitwa na kuangaliwa. Wanane walikuwa salama. Wawili, akiwemo yule wa Ijumaa, walipona kwa dawa za vidonge. Aliyeumia kweli ni fundi mwashi. Ilibidi kidonda chake kifunguliwe tena, kisafishwe, kiachwe wazi kipone kutoka ndani.

Barua ikaja baada ya siku nne: onyo la maandishi, na kuondolewa kwenye mashine kwa miezi mitatu. Hakufukuzwa. Alisikia baadaye kwamba Daktari ndiye aliyesema mbele ya kikao kwamba mtu aliyekataa kupitisha mabunda dirishani akijua atajiumbua mwenyewe, heri abaki. Lakini kwake Daktari hakusema kitu, na walipokutana koridoni walisalimiana kama watu waliogombana msibani. Mashine ikapewa watu wawili, na kuosha chujio kukawa kazi yenye kuandikwa na kutiwa saini. Yeye akapewa meza ya kukunja shashi, kwenye kiti chenye egemeo.

Nyumbani alimsimulia mumewe yote wakati akimvua shati. Mzee akasema, "Kwa hiyo yule mwashi anaumwa kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yangu mimi."

"Sawa. Tugawane." Akavuta pumzi. "Ukikataa tena kumwita mdogo wangu, nitaanguka kitandani makusudi, upate kazi ya kweli."

Shemeji akaja kesho yake asubuhi. Alimwinua kaka yake kama anayeinua gunia la mahindi, wakatukanana kidogo kwa utani wa zamani, na Bi Mvuke akagundua kwamba aibu yote aliyokuwa akiwahifadhia ndugu hao wawili haikuwa yao. Haikumfanya apumzike mara moja. Uchovu wa miezi minane hautoki kwa asubuhi moja. Wiki nzima aliamka saa ileile, akabaki amelala macho wazi, akimsikiliza shemeji akifanya kazi yake.

Wodini hakwenda mpaka siku ya tano tangu mashine isimamishwe. Fundi mwashi alikuwa mtu wa makamo, mikono yake imepasuka kwa saruji, amekaa ameegemea mto. Bi Mvuke alijitambulisha na kumwambia alichokuja kusema. Alikuwa amekifanyia mazoezi njiani, lakini kilitoka kimevunjikavunjika.

Yule mtu alimsikiliza huku akiangalia dari.

"Kazi yangu mimi," alisema baadaye, "ukikosea kuchanganya saruji, nyumba inaweza kusimama mwaka mzima kabla ya kukuumbua. Nimejenga moja hivyo. Nilikuwa na homa siku ile. Sijawahi kumwambia mwenye nyumba."

"Ilianguka?"

"Bado." Akageuza uso. "Sitakwambia nimekusamehe, mama. Inaniuma mno saa hizi. Njoo siku nyingine."

Alikwenda siku nyingine, na nyingine tena. Hakupeleka kitu cha maana, chungwa, au gazeti la jana. Wakati mwingine mtu huyo alizungumza, wakati mwingine alijifanya amelala. Siku ya kumi na tisa aliruhusiwa kutoka. Alitembea taratibu, mkono mmoja tumboni, mkewe ameshika mfuko wa nguo. Walipopita mbele ya chumba cha kukunjia shashi alisimama mlangoni.

"Mama, mimi ninaondoka."

"Nenda salama, baba. Usinyanyue kitu kizito."

"Mwezi na nusu, wameniambia." Alisita. "Nikipona nitakwenda kwa yule mwenye nyumba. Sijui atanifanya nini."

Mkewe alimtazama bila kuelewa. Bi Mvuke alielewa, lakini hakupata la kumwambia ambalo lisingekuwa uongo. Akainuka kwenye kiti, akawasindikiza mpaka kwenye ngazi, akasubiri wafike chini. Kisha akarudi mezani. Shashi ilikuwa imejaa kikapuni, na wodi ya wazazi ilikuwa imeshatuma mtu mara mbili kuiulizia.